Unamwachia nani mtoto?

(Maoni haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila juma.)

Ndugu wasikilizaji, na wewe unayetusoma gazetini, mwanamke aliyeajiriwa hapa Tanzania akijifungua mtoto mmoja hupewa likizo ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua pacha hupewa siku 100. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Siku 84 huonekana nyingi kwa mtu ambaye hajazianza. Muulize aliyezimaliza. Tena likizo hiyo inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, kwa hiyo wapo akina mama wanaorudi kazini mtoto akiwa na wiki nane tu.

Basi siku ya 85 inafika. Saa 12 asubuhi mama yuko mlangoni, pochi begani, daladala inamsubiri. Nyuma yake mtoto analia. Swali ambalo halikwepeki ni hili: anamwachia nani?

Zamani swali hili lilikuwa na jibu jepesi. Bibi alikuwepo, shangazi alikuwepo, na jirani alikuwa ndugu. Leo bibi yuko kijijini anasubiri mvua, shangazi naye ameajiriwa, na jirani tunasalimiana naye kwa honi ya gari. Jibu la familia nyingi za mjini limekuwa msichana wa kazi, ambaye tunamwita yaya, hausigeli, au kwa lugha ya heshima kidogo, dada. Nataka leo tuzungumze namna ya kumpata dada huyo, namna ya kumchunguza, na namna ya kuishi naye hata tuweze kusema kwamba tunamwamini. Sisemi haya kwa sababu mimi ni bingwa. Nasema kwa sababu nilikosea, na kosa langu karibu linigharimu mtoto.

Ilikuwa mwaka 2009. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minne, na mimi nilikuwa nimerudi kazini kwenye zamu ya alfajiri. Msichana nilimpata kwa mkato. Mama mmoja tuliyekuwa tukinunua kwake vitunguu alisema ana mtu wa kuleta wasichana kutoka mikoani. Siku ya tatu akaniletea binti kutoka stendi ya Ubungo, na mfuko mmoja wa nguo. Nikampa yule mama ahsante yake. Binti nikamwuliza kama anajua kupika na kufua. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba anajua. Nikamwonyesha jiko, nikamwonyesha mtoto, na keshoyake saa 10 alfajiri nikaondoka.

Wiki ya tatu, nikiwa kazini, jirani akanipigia simu. Mlango wangu ulikuwa na kufuli tangu saa mbili asubuhi. Msichana hayupo. Mtoto hayupo.

Sijui nilifikaje nyumbani. Ninachokumbuka ni ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti akivuta daftari lake ili aandike. Akaniuliza jina la msichana. Nikasema, "Dada." Akauliza, "Dada nani?" Nikanyamaza. Akauliza umri wake. Nikasema labda miaka 18. Kijiji chake? Nikasema Iringa. "Iringa ni mkoa, mama," akaniambia kwa upole. Baba yake je? Nani alimleta? Yule muuza vitunguu tulimfuata, naye hakumjua ila kupitia mtu mwingine, na simu ya mtu huyo mwingine haikupatikana. Nilikuwa nimemkabidhi mwanangu wa pekee mtu ambaye jina lake sikulijua.

Saa tisa mchana tukamwona anakuja, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Mtoto alikuwa amepata homa kali baada ya mimi kuondoka, akaanza kukakamaa. Msichana hakuwa na simu, wala mimi sikumwachia namba ya mtu yeyote. Sikumwachia hata shilingi. Hakujua zahanati iko wapi. Akafunga mlango, akambeba mtoto, akauliza njia mpaka akafika. Dawa alinunua kwa akiba ya nauli ya kurudia kwao, ambayo mama yake alimfungia kwenye pindo la khanga. Wauguzi walipomwuliza jina la mama wa mtoto, alisema "mama". Mama nani? Hakujua. Alijua tu kwamba nafanya kazi redioni. Na jina la mtoto alijua lile tunalomwitia nyumbani, kwa hiyo ile karatasi iliandikwa "Bebi", basi.

Mtoto alipona. Lakini fikirini, ndugu zangu. Kama yule angekuwa mwizi wa watoto, nisingekuwa na la kumweleza polisi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, nilimwacha mikono mitupu ashindwe kumsaidia mtoto. Makosa yote mawili yalikuwa yangu, na chanzo chake ni kimoja: hatukujuana. Tangu hapo nimeamini kwamba uaminifu hauonekani usoni kwa mtu. Kwanza humjua, kisha humjaribu, kisha humtendea haki. Nitayaeleza hayo matatu moja baada ya jingine.

Tuanze na mahali pa kumtafuta. Njia iliyozoeleka ni ya madalali. Dalali hupokea maombi ya mwenye nyumba mjini, huagiza binti kijijini kupitia mtu mwingine, na hulipwa kwa kila kichwa. Ubaya wa njia hii si kwamba kila dalali ni tapeli. Ubaya wake ni kwamba dalali hulipwa msichana anapofika, wala halipwi anapokaa vizuri. Akiondoka baada ya mwezi mmoja, dalali anafaidika tena mara mbili, kwako kwa kukuletea mwingine na kwingine kwa kumpeleka yule wa kwanza. Tena katika mnyororo huo wa watu watatu au wanne, hakuna mmoja anayemjua baba na mama wa binti.

Zipo pia ofisi za mawakala wa ajira. Wakala wa ajira kwa mujibu wa sheria anatakiwa awe amesajiliwa na serikali. Mwombe akuonyeshe leseni yake, na usiridhike na ubao wa mlangoni. Muulize pia: binti huyu akiondoka ghafla, au mtoto akiumizwa, wewe utawajibika kwa lipi? Asiyeweza kujibu hilo ni dalali mwenye meza.

Njia ninayoipendekeza ni ya watu wanaofahamiana: ndugu, mfanyakazi mwenzako, mama mnayesali naye, au msichana mwingine wa kazi mwenye sifa njema ambaye ana mdogo wake au rafiki yake. Na wala usidhani lazima awe msichana wa kulala nyumbani. Mitaani mwetu wapo akina mama wa makamo, waliokwisha kulea wa kwao, wanaoingia asubuhi na kutoka jioni. Mama wa namna hiyo nyumba yake unaijua, watoto wake unawajua, na mjumbe wenu ni mmoja. Jaribio la njia yoyote utakayoichagua ni swali moja tu: likitokea jambo, nitakwenda kugonga mlango wa nani? Kama huna jibu, bado hujampata mtu.

La pili ni umri. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya kwa makusudi. Tunapenda binti mdogo kwa kuwa ni mtiifu na hana mambo mengi. Sheria ya mwaka 2004 niliyoitaja inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumzuia kusoma. Na Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sasa niambie, ni yaya gani anayelala na mtoto mchanga ambaye haamshwi usiku?

Umri hauhitaji uchunguzi wa kipelelezi. Omba cheti cha kuzaliwa. Kama hana, muulize alimaliza darasa la saba mwaka gani, kisha hesabu. Aliyeanza darasa la kwanza na miaka saba humaliza la saba akiwa na 13 au 14. Kwa hiyo aliyemaliza mwaka jana na anakuambia ana miaka 18, ama hasemi kweli ama amefundishwa kusema hivyo. Usimkaripie. Mrudishe kwao kwa usalama, kwa nauli yako, mkononi mwa mtu anayefahamika. Mtoto hawezi kumlea mtoto. Akikuta maji yanachemka na bebi analia kwa wakati mmoja, naye pia atataka kulia.

La tatu ni kumtambua. Aliyetimiza miaka 18 anastahili kitambulisho cha taifa, au angalau namba yake ya NIDA. Chukua nakala. Omba barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au ya mtaa wake, yenye muhuri na majina ya wazazi. Piga picha naye, wewe na mtoto, mkiwa mnacheka, na moja mpelekee mama yake. Kisha piga simu kwao, uzungumze na mzazi mwenyewe. Usiongee na mjomba aliyeko Manzese. Mwambie mzazi jina lako kamili, unapoishi, unapofanya kazi, kazi ya binti yake na mshahara wake. Msikilize naye. Utajifunza katika dakika kumi mambo ambayo cheti hakiandiki: kwamba binti ana kifafa, kwamba alilea wadogo zake watatu mama alipougua, au kwamba mzazi hakujua kabisa kama mwanawe yuko Dar es Salaam. Hilo la mwisho ukilisikia, simama hapo hapo.

Kama amewahi kufanya kazi kwingine, mpigie mwajiri wake wa zamani. Usimwulize kama ni mwaminifu, maana atajibu ndiyo au hapana kulingana na hasira zake. Muulize: alikaa muda gani, mtoto alikuwa na umri gani, kwa nini aliondoka, na je, leo ungemchukua tena? Kisha msikilize na binti upande wake. Wapo waliotuhumiwa wizi siku ile ile walipodai mshahara. Wapo pia walioiba kweli. Ukisikiliza pande mbili kwa utulivu, ukweli huwa unajitenga wenyewe.

La nne ni mahojiano. Swali la "unapenda watoto?" halina maana, kwani hakuna atakayejibu hapana. Mpe mikasa. Mtoto amelia nusu saa hanyamazi, utafanya nini? Mtu amebisha hodi anasema ametumwa na mimi amchukue mtoto, utamjibuje? Umeacha mtoto sebuleni, maziwa yanafurika jikoni, unaanza na lipi? Mtoto ana homa na ameanza degedege, unafanyaje?

Hili la degedege nalitilia mkazo kwa sababu nimekwisha lipitia. Katika nchi yetu bado wapo wanaoamini kwamba degedege ni kazi ya shetani, wakamfukiza mtoto moshi badala ya kumkimbiza hospitali. Msichana akikujibu hivyo, usimcheke. Mfundishe: mlaze mtoto ubavu mahali pasipo na hatari, legeza nguo, usimtie kitu chochote kinywani, wala kijiko wala dawa, na umpeleke haraka kituo cha afya. Homa yenye degedege yaweza kuwa malaria kali, na malaria kali haingoji mama atoke kazini. Mimi katika mahojiano sitafuti binti anayejua kila jibu. Namtafuta yule anayefikiri kabla ya kujibu, na anayethubutu kusema, "Hilo sijui, mama, naomba unielekeze." Anayejua yote siku ya kwanza ndiye anayenitisha.

La tano ni kumjaribu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mtoto si jembe. Msichana asiachwe peke yake na mtoto siku ya kwanza, wala ya tatu. Anza kumtafuta likizo yako ikiwa katikati, ili awe amefika angalau wiki mbili kabla hujarudi kazini. Wiki ya kwanza wewe unafanya, yeye anatazama. Wiki ya pili yeye anafanya, wewe unatazama. Kisha toka saa moja, urudi. Toka nusu siku, urudi.

Katika siku hizo mwonyeshe hatari za nyumba yako, maana huenda kwao jiko ni la mafiga nje ya nyumba, wala hajawahi kuona mtungi wa gesi. Mwonyeshe jinsi ya kufungua na kufunga gesi, na kwamba akisikia harufu yake asiwashe kiberiti wala taa, afungue madirisha na atoke na mtoto. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani na madirisha yakafungwa, hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, mtoto atayanywa. Ndoo ya maji isiachwe sakafuni, kwani mtoto anayetambaa aweza kuzama katika maji machache ya ndoo. Maziwa uliyokamua yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne katika joto letu hili. Na hapohapo nikukumbushe kwamba sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi za kwenda kunyonyesha. Wengi hatuziombi.

Kisha andika karatasi kwa herufi kubwa, ibandike ukutani: majina yako yote, jina kamili la mtoto, mtaa, namba yako ya simu, ya baba, ya jirani wawili, na zahanati iliyo karibu. Wacha simu ndogo ya tochi yenye salio. Wacha fedha ya dharura ndani ya bahasha. Mtembeze kwa miguu hadi hiyo zahanati, mara moja, akiwa na mtoto. Kazi hii yote ni ya asubuhi moja. Mimi sikuifanya mwaka 2009, na nimekwisha waeleza matokeo yake.

La sita ni kuangalia bila kuchoka. Rudi siku moja saa usiyotarajiwa. Muulize jirani, mtoto wangu analia sana mchana? Siku hizi wapo wanaofunga kamera sebuleni. Kama unaifunga, mwambie msichana kwamba ipo, na usiiweke mahali anapooga au anapovaa. Lakini kamera haijui yanayotokea uani. Mtoto mwenyewe ndiye taarifa iliyo bora. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mwoga, anayejificha nyuma yako ukimkabidhi, mwenye michubuko isiyo na maelezo, au anayelala kupita kiasi mchana kutwa, anakuambia kitu. Hilo la kulala lisikufurahishe. Wapo wanaowanywesha watoto dawa za mafua zinazoleta usingizi ili wapate nafasi ya kupumzika. Dawa zote zifungiwe. Na mtoto akianza kuzungumza, mzoeze kwamba hakuna siri baina yake na mtu mzima ambayo mama haruhusiwi kuijua. Akikueleza neno, mwamini kwanza, chunguza baadaye.

Ukigundua kwamba mtoto ameumizwa, usimpige msichana wala usiite majirani wampige. Mpeleke mtoto hospitali, kisha kaeleze polisi, ambako lipo Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii. Ipo pia namba ya simu 116, ya kusaidia watoto, isiyotozwa malipo. Namba hiyo ni ya watoto wote. Msichana wa kazi wa nyumba ya pili, kama ni mtoto naye na unasikia anavyopigwa kila usiku, namba ni hiyo hiyo.

Hapo ndipo tunafika kwenye nusu ya pili ya jambo hili, ambayo hatupendi kuisikia. Sisi tunamchunguza msichana. Nani anatuchunguza sisi? Binti wa watu anaingia nyumba asiyoijua, ya watu asiowajua, na mlango unafungwa nyuma yake. Kama ndani ya nyumba hiyo yumo mwanamume, awe baba, shemeji au kijana mkubwa, anayemwandama binti usiku, mama anayemtaka binti huyo ampende mtoto wake anataka muujiza. Ukweli ni kwamba mtu anayeteswa hana utulivu wa kulea. Mpe pa kulala penye mlango unaofungika, na umwambie mapema, mbele ya wanaume wa nyumba, kwamba akisumbuliwa aje kwako na hatafukuzwa kwa kusema.

Halafu mshahara. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi kiwango cha mwaka huu kabla hujapatana. Mlipe mwenyewe mkononi au kwenye simu yake, na tarehe ijulikane. Ile tabia ya kusema "nakutunzia" ndiyo inayofanya msichana atoroke. Akiona miezi mitatu imepita hajaona kitu, anaondoka siku atakayopata upenyo, na siku hiyo yaweza kuwa Jumatatu asubuhi, mtoto akiwa kitandani peke yake. Kuna wanaoita huko kukosa uaminifu. Mimi naona aliyeanza kukosa uaminifu alikuwa mwajiri.

Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Sheria inampa mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza, taarifa ya kuacha au kuachishwa kazi ni siku 28, na inawabana wote wawili. Mweleze hivyo, ajue kwamba anaweza kuaga bila kutoroka, nawe utapata mwezi wa kutafuta mwingine. Tena sheria hiyo inamtaka mwajiri aandike maelezo ya kazi na kumpa mwajiriwa. Yapo mambo kadhaa ya kuandika, lakini sikilizeni yanayotangulia: jina la mwajiriwa, umri wake, anwani yake ya kudumu na jinsia, na mahali alikochukuliwa. Nilipoisoma orodha hiyo nilikumbuka daftari la mwenyekiti wa mtaa. Maswali yalikuwa yale yale. Kama ningeitii sheria siku ya kwanza kwa karatasi moja ya daftari, ningekuwa na majibu yote.

Najua wapo watakaosema, huyu mtangazaji anataka tuishi kizungu, mshahara wetu wenyewe hautoshi. Nawaelewa. Maisha ya mjini ni magumu, na anayempa msichana wake 60,000 huenda yeye mwenyewe anabakiwa na kidogo. Lakini mengi niliyoyataja hayadai fedha. Jina halinunuliwi. Simu kwa mama yake ni dakika kumi. Chakula kilekile mnachokula nyinyi, sahani ileile, hakiongezi gharama. Kama huwezi kumudu mtu kwa kima cha sheria, changieni wawili au watatu, majirani, mama mmoja wa kutwa, au tafuta kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa, ukakikague kwa maswali haya haya. Hilo ni jambo la heshima kuliko kumleta mtoto wa maskini alee mtoto wako kwa sabuni na nguo za mitumba.

Yule binti wa mwaka 2009 nilimwomba radhi jioni ile. Nikamwuliza jina lake, nami nikamwambia langu. Nilimrudishia fedha ya nauli na akaifunga tena kwenye khanga mbele yangu, bila kusema neno, nami nikaelewa kwamba bado hajaamua kama atakaa. Alikuwa na haki ya kutoamua. Alikaa miaka minne. Alipoondoka alikuwa na cherehani yake, na mwanangu alilia siku mbili.

Sasa ana familia yake, na anashona nguo sokoni. Mwezi uliopita alinipigia simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili, wateja wanamngoja, na alitaka ushauri: ameletewa binti wa kumsaidia, aanze kumwuliza nini? Nilicheka. Kisha nikamwambia aanze kwa kumtajia jina lake yeye, ndipo aulize la mgeni.

Ndugu wasikilizaji, muda wangu umekwisha. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.